Nafasi Kabla ya Kazi: Mwongozo wa Diski na Faili za Muda kwa Watunzaji wa Seva za Afya, Lodwar na Kakuma

Mwongozo huu ni wa maafisa wa kumbukumbu za afya na maafisa wa kompyuta wanaotunza seva za KenyaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, katika hospitali, vituo vya afya na zahanati, kuanzia Lodwar hadi Kakuma na Kalobeyei. Unashughulikia jambo moja tu: nafasi ya diski wakati hifadhidata inapofanyiwa matengenezo, pamoja na faili za muda zinazozaliwa na kazi hiyo. Msomaji anayelengwa anaweza kufungua skrini ya amri ya Ubuntu na kuingia MySQL, lakini hana fundi ofisi ya jirani. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, mafundi wengi nchini waliokuwa wakilipwa na miradi walipoteza kazi, na mara nyingi seva ikabaki mikononi mwa aliyekuwa akiingiza data.

Kanuni ambayo nyingine zote zinaitegemea ni hii: matengenezo hula nafasi kabla ya kuirudisha. Anayetaka kupanga upya magunia ya ghala lililojaa hadi mlangoni hana budi kupata kwanza uwanja wa kuyaweka. MySQL nayo, ukiiamuru ipange jedwali upya kwa OPTIMIZE TABLE, huandika jedwali jipya zima kando ya lile la zamani, na la zamani haliondoki mpaka mwisho kabisa. Kwa hiyo diski iliyojaa asilimia 95 haiokolewi kwa OPTIMIZE. Anayejaribu hivyo humaliza hata kile kidogo kilichobaki, na ikifika saa mbili asubuhi wagonjwa wako kwenye benchi huku mapokezi wakitazama skrini iliyoganda.

Uzito uko wapi

KenyaEMR imejengwa juu ya OpenMRS, mfumo ambao wazo lake lilianza 2004 mjini Eldoret katika mpango wa AMPATH, unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake ya rufaa na washirika wao wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Indiana. Kumbukumbu hukaa ndani ya MySQL, kwa kawaida katika hifadhidata iitwayo openmrs, na jedwali linalonenepa kupita yote ni obs. Kila uzito uliopimwa, kila jibu la fomu na kila tokeo la maabara lina safu yake katika obs. Mgonjwa mmoja wa CCC (kliniki ya VVU) anayehudhuria miaka na miaka huacha safu kwa mamia.

Sasa, OpenMRS haina desturi ya kufuta. Ziara iliyoingizwa kimakosa ukiifuta, mfumo huitia alama ya voided na kuificha machoni; safu zenyewe zinabaki diskini. OPTIMIZE hurudisha nafasi iliyoachwa na safu zilizoondolewa kweli, na katika obs hizo huwa chache. Ndiyo maana, kwa maoni ya mwandishi, kupanga upya obs katika seva ya kituo cha kawaida ni kazi ya kuepukwa isipokuwa kuna sababu iliyoandikwa: jedwali limeharibika, toleo la MySQL linabadilishwa, au fundi wa mfumo ameagiza. "Seva imekuwa polepole" si sababu. Tafuta kwanza kama kumbukumbu ya RAM inatosha na kama diski yenyewe inachoka.

Kando ya openmrs utakuta kenyaemr_etl na kenyaemr_datatools. Hizi ni hifadhidata za majedwali ya ripoti yanayotokana na openmrs. Yanaweza kujengwa upya wakati wowote kutoka kwenye asili, kwa hiyo hayahitaji kuingia katika bekapu ya kila usiku. Kituo kinachoyabeba kila siku pamoja na openmrs kinajaza diski kwa kitu ambacho seva inaweza kukitengeneza tena. Lakini usiyafute kwa pupa karibu na tarehe ya ripoti ya mwezi: kuyajenga upya huchukua muda, huhitaji nafasi yake ya kupumua, na ripoti hazitoki mpaka yamalizike.

Pima, kisha pima kwa njia nyingine

Anza na df -h. Angalia mstari wa sehemu ya diski inayobeba /var/lib/mysql, na mstari wa /tmp kama una sehemu yake. Fuatisha df -i, kwa sababu diski inaweza kuishiwa na nambari za faili ilhali nafasi bado ipo. Kisha ukubwa wa majedwali: sudo ls -lhS /var/lib/mysql/openmrs | head yatosha. Faili inayoishia na .ibd ni jedwali pamoja na faharasa zake, na ukubwa unaousoma hapo ndio unaohitaji uwanja.

Ukiwa ndani ya MySQL, uliza mambo manne kwa mara moja: SELECT VERSION(), @@datadir, @@tmpdir, @@innodb_tmpdir, na uyaandike majibu. Bila hayo hujui faili za muda zitaangukia wapi. Ikiwa toleo ni la zamani kuliko 5.6.29, au ni la 5.7 lililotangulia 5.7.11, hilo la mwisho halimo na amri itagoma. Liondoe uulize matatu.

Usishangae ukiona df inasema diski imejaa huku du ikijumlisha faili chache. MySQL ikifungua faili ya muda katika Linux, mara nyingi hulifuta jina lake papo hapo na kuendelea kuitumia. Faili haionekani kwa ls, lakini nafasi imeshikwa mpaka programu iiachie. sudo lsof +L1 huzionyesha zote, pamoja na logi ambazo mtu alizifuta wakati programu bado inaziandika.

Jambo jingine dogo linalowapotosha watu: mfumo wa ext4 huweka akiba ya asilimia 5 kwa ajili ya mtumiaji mkuu. Katika diski ya GB 240 hiyo ni GB 12 ambazo wewe ukiwa root unaweza kuziandika na MySQL haiwezi. Jaribio lako la kuandika faili likifaulu, bado hujathibitisha lolote kuhusu MySQL.

Hesabu ya kuruhusu au kukataa kazi

Tuseme obs.ibd ina GB 23, na df inaonyesha GB 31 wazi. Kwa macho inatosha. Lakini kupanga jedwali upya kunahitaji vitu viwili: nakala mpya ya jedwali, inayoweza kufikia GB 23 na kukaa palepale pa asili, na faili za kupangia faharasa, zinazokwenda tmpdir na zinazoweza, hali ikiwa mbaya, kufikia ukubwa wa data pamoja na faharasa zake. Hiyo ni GB 23 nyingine. Ongeza logi ya mabadiliko yanayoingia wakati kazi inaendelea, ambayo kikomo chake cha kawaida ni MB 128. Jumla inapita GB 46. Tmpdir ikiwa kwenye diski hiyohiyo, kazi hii ikataliwe.

Kipimo cha kutumia, basi, ni mara mbili ya ukubwa wa jedwali, pamoja na akiba ya kuendeshea kliniki siku ya pili. Pasipofika hapo kuna njia ya halali: kuhamishia faili za kupangia kwenye diski ya nje. Katika kikao chako cha MySQL andika SET SESSION innodb_tmpdir = '/mnt/muda'; kabla ya amri ya kupanga jedwali. Kwa mfano wetu, GB 31 sasa zinabeba nakala ya GB 23 na kubakiza 8. Ni pembamba, lakini inapita.

Masharti ya diski hiyo ya nje yazingatiwe. Iwe imepangwa kwa ext4, folda iwe mali ya mtumiaji mysql, na iwe nje ya folda ya data. Zaidi ya yote, Ubuntu ina mlinzi aitwaye AppArmor anayeizuia MySQL kuandika popote ambapo hakutajwa katika orodha yake, hata ruhusa za folda ziwe sahihi. Folda mpya huongezwa katika /etc/apparmor.d/local/usr.sbin.mysqld, kisha huduma ya AppArmor hupakiwa upya. Mtu akikupigia simu kutoka Kakuma akisema "ruhusa nimeweka, bado inakataa," anza kumwuliza hapo.

Nafasi ya kweli hupatikana kwingine

Kabla hujagusa jedwali lolote, pita katika mambo haya. Mara nyingi utapata nafasi uliyoitafuta na matengenezo yenyewe yakawa hayahitajiki.

Bekapu za zamani huwa za kwanza. Programu ya usiku huandika faili mpya, hakuna anayeondoa za jana, na miezi inapita. Hamisha, hakikisha zimefika, kisha futa. Pili ni logi ya Tomcat iitwayo catalina.out, ambayo huweza kukua bila mtu kuitazama. Usiifute kwa rm wakati Tomcat inafanya kazi, maana jina litaondoka na nafasi haitarudi; tumia sudo truncate -s 0 ukitaja njia yake kamili. Vifurushi vya masasisho huondoka kwa sudo apt clean, na logi za mfumo hupunguzwa kwa sudo journalctl --vacuum-size=500M.

Logi za binlog, ambamo MySQL huandika mabadiliko ya data, zinahitaji uangalifu. Katika MySQL 8.0 zimewashwa tangu mwanzo na huwekwa siku 30. Katika matoleo ya 5, kama zimewashwa na hakuna aliyeweka kikomo, hukaa milele. Ziondoe kwa amri ya PURGE BINARY LOGS BEFORE ndani ya MySQL, kamwe si kwa rm. Na kama seva yako inatuma nakala kwa seva nyingine, hakikisha kwanza hiyo ya pili imeshazisoma.

Visivyoguswa kwa mkono, hata diski ikiwa imebakiza kilobaiti moja: ibdata1, faili za ib_logfile, na faili yoyote ya .ibd. Katika orodha ya faili kubwa ibdata1 huonekana kama kitu kilichosahauliwa. Katika matoleo ya 5, ndani yake mna kitabu ambacho MySQL hutumia kujua majedwali yake yote. Ukiifuta umefuta hospitali.

Bekapu kabla ya matengenezo

Hakuna kupanga jedwali bila bekapu ya siku hiyohiyo, na bekapu isikae kwenye diski inayofanyiwa kazi. Iandike moja kwa moja ikiwa imebanwa, bila kupitia faili kubwa ya kati: mysqldump --single-transaction openmrs | gzip, ukielekeza matokeo kwenye diski ya nje. Njia hiyo haidai hata MB moja ya uwanja kwenye diski ya seva.

Flashi ndiyo inayoponza wengi. Nyingi huja zimepangwa kwa FAT32, na FAT32 haikubali faili moja inayofikia GB 4. Bekapu hukatika hapo, na aliyeondoka kwenda nyumbani akiiacha inaendelea hurudi na kuona faili ipo, ina jina zuri na tarehe ya leo. Ipange flashi kwa exFAT au diski kwa ext4, kisha thibitisha mwisho wa faili: zcat jina_la_faili | tail -1. Bekapu iliyokamilika humalizia na mstari wa "Dump completed on" na tarehe. Mstari huo usipokuwepo, huna bekapu. Uthibitisho bora zaidi ni kuirudisha katika kompyuta nyingine, na kwa vituo vyenye laptopu ya akiba hilo lifanyike walau kila robo ya mwaka.

Usiku wa kazi

Kazi ifanywe usiku, kliniki ikiwa imefungwa na joto limeshuka. Mchana wa Lodwar au Kakuma huweza kupita nyuzi 35, na diski inayosoma na kuandika kwa saa kadhaa mfululizo katika chumba kisicho na kipoza hewa hupata moto wake yenyewe juu ya huo.

Jambo la kuuliza kabla ya saa ya kuanza ni umeme. Mto Turkwel unaopita Lodwar umekuwa ukizungusha mitambo ya MW 106 kule bwawani tangu 1991, ila umeme huo ulielekezwa kusini, na Lodwar imeishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli. UPS ya kawaida hushika seva kwa dakika, wakati jedwali kubwa hupangwa kwa saa. Kama jenereta ya hospitali haina mafuta ya usiku kucha, ahirisha. Umeme ukikatika katikati, jedwali la asili kwa kawaida hubaki salama, lakini diski itakuwa na nakala iliyofika nusu, na hiyo ndiyo inayoleta mabaki tutakayoyaeleza mbele.

Anayefanya kazi kutoka mbali, tuseme yuko Lodwar na seva iko Kakuma kilomita kama 120 mbele, aanzishe kikao chake ndani ya screen au tmux. Mtandao ukipotea, kazi itaendelea bila yeye, naye ataikuta akirudi. Asipofanya hivyo, kukatika kwa mtandao huweza kuikata amri katikati.

Panga saa ya kukata kabla ya kuanza. Kliniki ikifunguliwa saa mbili asubuhi, saa ya kukata iwe saa kumi alfajiri, na ikifika kazi isimamishwe hata ikiwa "imebaki kidogo." (Kwa wanaopanga kazi za cron: seva huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 2 ya cron ni saa nane usiku. Maagizo ya simu yataje saa kwa njia zote mbili.) Kusimamisha ni kwa KILL QUERY kutoka dirisha la pili, baada ya kuona namba ya kazi katika SHOW PROCESSLIST. MySQL itaitupa nakala ambayo haijakamilika na jedwali la zamani litaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Kuzima seva kwa kitufe hakuruhusiwi.

Dirisha hilohilo la pili liwe linaonyesha watch -n 30 df -h muda wote. Nafasi ikishuka chini ya akiba uliyoiandika, simamisha mwenyewe, usingoje diski ikusimamishe. Diski ikijaa kabisa MySQL haifi papo hapo: maandishi mengine husimama, ikakagua kila dakika kama nafasi imepatikana na kuandika onyo katika logi yake kila dakika 10, mengine hukataliwa kwa ujumbe kwamba jedwali limejaa. Kwa mhudumu wa zamu ya usiku hali hiyo huonekana kama mfumo "umelala." Mjulishe mapema kwamba atumie fomu za karatasi, na asibonyeze kitufe cha kuhifadhi mara kumi.

Mabaki

Kazi ikiisha au ikikatika, angalia folda ya openmrs kama kuna faili zinazoanza na #sql. Katika MySQL 8.0 kazi iliyokatika hujisafisha yenyewe seva inapowaka tena. Katika 5.6 na 5.7 mabaki yanaweza kukaa, yakila nafasi sawa na jedwali zima. Hakikisha hakuna kazi inayoendelea, chukua bekapu, kisha yaondoe kwa amri ya DROP TABLE ndani ya MySQL kwa kufuata mwongozo wa toleo lako. Hapa ndipo pa kumpigia fundi mwenye uzoefu kabla ya kubonyeza.

Faili ya ibtmp1, inayopatikana kuanzia 5.7, ni suala jepesi. Huanza na MB 12, hukua bila kikomo usipoiwekea, na hurudi udogoni MySQL ikiwashwa upya. Ukikuta imefikia makumi ya GB, kuna ripoti inayoomba kupita kiasi. Weka kikomo katika innodb_temp_data_file_path, kwa mfano ibtmp1:12M:autoextend:max:5G, kisha itafute hiyo ripoti.

Yaliyobaki ni faili ulizozitengeneza wewe: bekapu iliyoachwa /tmp, nakala ya obs iliyotolewa ili kukaguliwa, jedwali la Excel lenye majina. Ubuntu kwa kawaida husafisha /tmp seva inapowashwa, na seva yetu inaweza kukaa miezi bila kuzimwa. Faili hizi zinaitwa za muda, lakini zina kila kitu ambacho hifadhidata inacho, bila nenosiri lake. Kakuma na Kalobeyei zina karibu watu 300,000, wengi wao wamekimbia nchi ambako kujulikana jina, kabila au ugonjwa kulikuwa hatari. Faili moja ya bekapu kwenye flashi iliyosahauliwa katika mkahawa wa intaneti inaweza kumfichua mtu aliyedhani amefika salama.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, na haitofautishi faili ya muda na ya kudumu. Data ikitoka na kuhatarisha wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Kwa hiyo: bekapu ya diski ya nje ifungwe kwa gpg -c au diski nzima isimbwe, nenosiri lisiandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya diski hiyohiyo, na faili za kazi zifutwe usiku uleule kabla ya kutoka chumbani. Kwenye SSD usitegemee amri ya shred, kwani diski hizo huandika mahali papya na kuacha pa zamani. Usimbaji wa tangu mwanzo ndio kinga.

Diski ya nje irudi kabatini, na daftari la kabati liseme nani ameileta na saa ngapi. Kwenye ukurasa wa kazi ya usiku huo andika df ya kabla, df ya baada, toleo la MySQL, jedwali lililopangwa, saa ya kuanza na kumaliza, mahali bekapu ilipo na jina la aliyeithibitisha. Atakayeishika seva baada yako huenda akawa mgeni kabisa Turkana, na ukurasa huo ndio utakaomwonyesha kama GB alizozikuta zinapungua kwa mwezi au kwa mwaka.